UZI: Siku 15 za samansi zinahesabiwa tangu uipokee, si tangu upate hela ya wakili

Mkalimani_Busia

Salaam kwenu nyote. Nimekuwa mkalimani wa mahakamani kwa miaka mingi upande huu wa mashariki ya Uganda: Busia, Tororo, mara nyingine Jinja. Mimi si wakili, na hakuna nitakachoandika hapa cha kuchukua nafasi ya wakili. Ninachotaka kusema ni kimoja: kwa wakili twende mapema, na tukishashauriwa tufuate.

Wengi wetu tukipatwa na jambo tuna njia yetu. Kwanza ukoo. Halafu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Halafu shehe au mchungaji. Halafu yule jamaa anayeshinda nje ya mahakama na faili kwapani, anajiita loya na cheti hana. Wakili mwenyewe anatafutwa mwisho, bailifu akishafika na gari la kubebea makochi. Sisemi ukoo usihusishwe. LC1 nao wana kazi yao, mahakama zao zina sheria tangu 2006 na zinamaliza ugomvi mwingi wa mtaani. Lakini wakati ninyi mnakaa vikao, siku za mahakama zinaendelea kuhesabiwa, na hakuna anayewaambia.

Tuanze na samansi, yaani hati ya wito wa mahakama, maana ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokiona.

Anakuja mtu mwenye karatasi mbili zinazofanana, zina muhuri wa mahakama. Moja anakuachia, nyingine anataka utie sahihi nyuma kwamba umepokea, na tarehe. Hapo watu wanafanya mambo mawili. Wa kwanza anakataa kutia sahihi, anadhani asipotia sahihi basi hajapokea. Si kweli. Yule mleta samansi anarudi mahakamani, anakula kiapo kwa maandishi kwamba alikukuta mahali fulani, saa fulani, ukakataa, na hakimu akiridhika na kiapo hicho unahesabiwa umepokea. Wa pili anatia sahihi, anaikunja, anaiweka chini ya godoro, anasubiri siku ya kuitwa mbele ya hakimu aende ajieleze kwa mdomo.

Siku hiyo inaweza isifike. Kesi ya kawaida ya madai inakutaka uweke utetezi wa maandishi mahakamani ndani ya siku 15 tangu upokee samansi. Maandishi, si mdomo. Usipoweka, mwenzako anaandika barua kuomba hukumu kwa sababu hujajibu, na kesi inasonga bila wewe. Siku utakayosikia habari zake tena ni siku ya kukamatiwa mali. Kuna njia ya kuomba hukumu kama hiyo ifutwe, lakini lazima uwe na sababu nzuri ya kutojibu, na "nilikuwa nasubiri mjomba atoke Nairobi" nimeitafsiri mara nyingi na sijaona hakimu akiipokea kwa furaha.

Na karatasi zenyewe ni za Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005, lakini samansi bado unaipata kwa Kiingereza. Mama wa sokoni Busia ataisoma vipi? Atampelekea mtoto wa sekondari, mtoto atamwambia "umeitwa kortini", basi. Hesabu ya siku imo humo ndani na hajaambiwa.

Vipindi vingine mvijue, ingawa wakili ndiye atakayewaambia kipi kinawahusu na tangu lini kinahesabiwa. Umefukuzwa kazi bila haki: malalamiko yafike kwa ofisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Unataka mahakama kuu ipitie uamuzi wa ofisi ya serikali: miezi mitatu pia. Umeumizwa kwa uzembe wa serikali na unataka fidia: miaka miwili. Deni la mkataba: miaka sita. Kudai ardhi iliyochukuliwa: miaka 12. Rufaa ya madai kwenda mahakama kuu: siku 30. Hakuna hata kimoja kinachosimama kwa sababu huna hela.

Nakaribisha maswali. Mwenye ujuzi zaidi anisahihishe.

Dereva_Malaba

Mzee heshima yako. Mimi ninayo karatasi kama hiyo. Nilipewa Alhamisi iliyopita hapa stendi ya malori. Nilikopa shilingi milioni sita kwa mtu anayekopesha, nikarudisha sehemu kubwa kwa simu. Sasa anadai milioni tisa na laki mbili. Rafiki yangu ameniambia nina siku 15 kwa hiyo nisiwe na haraka, nikirudi kutoka Kigali nitashughulika. Naondoka kesho asubuhi na mzigo. Ni sawa?

Kijana_Bombo

Mzee unaongea vizuri lakini mawakili wanatumaliza. Baba yangu mdogo alikuwa na kesi ya shamba, wakili akala pesa ya kufungua faili, pesa ya usafiri, pesa ya "kumwona karani", mwisho akataka nusu ya shamba lenyewe wakishinda. Maskini anaenda kwa wakili kufanya nini? Wakili ni wa tajiri.

Mkalimani_Busia

Nitakujibu kijana, hoja yako ni ya kweli na inataka jibu la kweli. Lakini kwanza huyu ndugu wa Malaba, kwa sababu wewe unaweza kusubiri na yeye hawezi.

Ndugu dereva, ichukue ile karatasi sasa hivi. Angalia juu kabisa kama kuna neno SUMMARY. Halafu ndani tafuta namba ya siku. Rudi hapa uniambie.

Dereva_Malaba

Lipo mzee. Summary. Na ndani imeandikwa ten days.

Mkalimani_Busia

Basi huna siku 15. Una 10. Na jambo lenyewe ni tofauti: kesi ya namna hiyo ni ya deni lenye hesabu kamili, mdai ameapa kwa maandishi kwamba huna utetezi wowote. Wewe huruhusiwi hata kuweka utetezi hivihivi. Ndani ya siku hizo 10 lazima uombe kwanza ruhusa ya mahakama ya kujitetea, na ombi hilo liende na kiapo chako kinachoonyesha kuna jambo la kubishaniwa: kwamba umelipa kiasi, kwamba riba si ile mliyokubaliana, chochote kilicho kweli na chenye ushahidi. Usipoomba, mdai anapewa hukumu ya kiasi chote alichoandika.

Umepokea Alhamisi. Siku ya kupokea haihesabiwi. Ijumaa ni ya kwanza, Jumamosi ya pili, na Jumapili nayo imo. Leo Jumatano ni ya sita. Ya 10 inaangukia Jumapili na ofisi imefungwa. Sheria inaweza kukusogeza hadi Jumatatu, lakini tafadhali usijenge juu ya hilo. Kigali usiende kesho. Mwambie mwenye gari akupe dereva mwingine kwa safari hii.

Hela ya wakili huna? Nenda Tororo leo hii ukaulizie Justice Centres Uganda, ni mradi wa Mahakama wa msaada wa kisheria. Wana vigezo vya kipato, watakuuliza unapata kiasi gani. Wakiona hufai kwao, waulize nani mwingine hapo mjini. Beba samansi yenyewe na kila karatasi iliyopinwa nyuma yake, usitoe hata moja. Beba mkataba wa mkopo. Na upitie kwenye ofisi ya kampuni ya simu wakuchapishie taarifa ya pesa ulizotuma tangu siku ya kwanza, yenye namba za miamala. Picha ya skrini inasaidia, ila taarifa iliyochapishwa ni bora.

Dereva_Malaba

Mkataba ninao lakini mzee, haukuandikwa mkopo. Aliandika kwamba nimemuuzia pikipiki yangu na kiwanja. Alisema ni desturi tu, kila mtu anasaini hivyo, nikimaliza kulipa anachana.

LDC_Kabalagala

Naomba niingie hapo. Mimi nasomea uwakili, bado sijapata leseni, kwa hiyo nachangia tu.

Ndugu dereva, hilo jambo la "mauzo" mwambie wakili ndani ya dakika ya kwanza, usilifiche kwa aibu. Ni mtindo unaotumika sana Uganda na mahakama zinaujua: mkopo unavalishwa nguo ya mauzo ili mkopeshaji achukue mali bila kufuata sheria. Wakili atataka kujua pia kama mkopeshaji ana leseni, maana biashara ya kukopesha pesa ina sheria yake tangu 2016. Na atauliza mkataba uliandikwa kwa lugha gani, nani aliuandika, ulisomewa kwa lugha unayoielewa au la. Tuna sheria inayowalinda wasioweza kusoma, na kwa sheria hiyo "asiyejua kusoma" ni pamoja na mtu asiyeelewa lugha ya ule waraka wenyewe, hata kama anasoma Kiswahili vizuri kabisa. Aliyeuandika kwa niaba yako alipaswa kuandika jina lake kamili na anwani yake humo.

Ila haya yote ni maswali ya kumsaidia wakili. Usiyabebe mahakamani peke yako. Nenda Tororo.

Dereva_Malaba

Nimeelewa. Nimeongea na bosi, amekasirika lakini amekubali. Nakwenda.

Mkalimani_Busia

Kijana wa Bombo, sasa nakujibu.

Wapo mawakili wanaokula watu, sikatai. Lakini angalia huyo aliyetaka nusu ya shamba. Sheria ya mawakili hapa Uganda haimruhusu wakili kufunga mkataba wa kulipwa sehemu ya mali inayogombaniwa akishinda. Kama baba yako mdogo angeuliza mtu wa pili siku ile ile alipoambiwa habari za nusu, angejua. Na wakili akikosea, pa kumshtaki papo: Law Council, baraza linalosimamia mawakili, ina kamati ya nidhamu. Yule wa nje ya lango mwenye faili kwapani utamshtaki wapi?

Jilinde hivi. Uliza cheti chake cha kufanya kazi cha mwaka huu, maana kinatolewa upya kila mwaka. Chama cha Wanasheria, Uganda Law Society, kinaweza kukuambia kama jina hilo ni la wakili kweli. Makubaliano ya malipo yaandikwe: anafanya nini, kwa kiasi gani, na gharama za mahakama zimo au hazimo. Kila shilingi upewe risiti. "Pesa ya kumwona karani" usitoe. Ada halali ya mahakama inalipwa benki na inarudi na karatasi.

Na kuhusu maskini: kwa mtu asiye na kitu, kuchelewa ndiko kunakomaliza. Kumwonyesha wakili mkataba wa kurasa mbili kabla hujatia sahihi ni kazi ya saa moja. Kuuvunja mkataba ule ule mahakamani ni miaka, mashahidi, nauli za mashahidi, na sarveya. Tajiri anaweza kununua miaka hiyo. Wewe na mimi hatuwezi. Msaada wa bure nao upo: kliniki ya LDC, yaani chuo cha uwakili, mradi wa msaada wa Law Society, na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa akina mama na watoto. Wanasaidia zaidi jambo likiwa bichi. Faili likishafika kwenye kukamatiwa mali hata wao mikono inakuwa mifupi.

Kwa wafanyabiashara wadogo: deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo, ambako unasimama mwenyewe bila wakili. Fomu ni rahisi. Hata hivyo pata mtu akuangalie karatasi kabla hujaenda.

Kijana_Bombo

Asante mzee. Basi niulize langu. Nataka kununua kibanja kando ya barabara ya Gulu, kabla hujafika Bombo. Muuzaji ni mtu mzima, ana barua ya LC1, majirani wanamjua. Bei nzuri. Anataka tumalize Jumamosi mbele ya mwenyekiti. Hapo wakili wa nini?

LDC_Kabalagala

Hapo ndipo wakili anahitajika kuliko mahali pengine popote, ndugu yangu. Acha nieleze kwa urefu kidogo.

Eneo hilo kubwa ni ardhi ya mailo. Maana yake ardhi moja ina watu wawili juu yake: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeikalia. Mwenye kibanja ana haki zake nzito. Kama alikuwa amekaa hapo bila kusumbuliwa na mwenye hati kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, sheria ya ardhi ya 1998 inamtambua na kumlinda. Na tangu marekebisho ya 2010 mkaaji anayetambuliwa na sheria haondolewi ila kwa amri ya mahakama, na sababu ni moja tu, kutolipa busuulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka. Kwa hiyo watu wanasema kibanja ni salama. Ni salama kwa yule aliyekalia kihalali. Wewe unayenunua Jumamosi unanunua nini?

Swali la kwanza: mwenye hati ni nani, na anajua? Mwenye kibanja akitaka kuuza haki yake, sheria inamtaka ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na uhamisho unahitaji ridhaa yake. Ukinunua kimyakimya kwa barua ya LC1, mwenye hati anaweza kukutazama kama mvamizi. Barua ya LC1 inasema tu kwamba mwenyekiti anamjua huyo mzee. Haimpi mzee ardhi.

La pili: mke. Ardhi ambayo familia inaishi au inajilisha kwayo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Si kwamba mama awepo kwenye kikao akipika chai. Atoe ridhaa kwa maandishi. Nimeona mafaili darasani ambako mnunuzi alilipa yote, akajenga, halafu mahakama ikasema mauzo yale si kitu kwa sababu mama hakuridhia.

La tatu: kuna nini juu ya ardhi hiyo? Kuna kaveti, yaani pingamizi la kuihamisha, kwenye rejista? Imewekwa rehani benki? Mzee mwenyewe ni mrithi mmoja kati ya wanane na hajapata barua za usimamizi wa mirathi? Wakili anafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, anakwenda na sarveya kiwanjani, anawauliza majirani maswali ambayo wewe unaona aibu kuuliza.

Muuzaji anayetaka mmalize Jumamosi, siku ambayo ofisi ya ardhi imefungwa, mimi ningemwambia Jumatatu.

Mama_Duka_Arua

Naunga mkono habari ya mke, na ya mjane pia. Dada yangu amefiwa na mume mwezi wa tatu. Matanga hayajaisha vizuri shemeji zake wakaleta karatasi atie kidole, eti ni ya kumruhusu kaka mkubwa aangalie mali ya watoto. Nikamwambia usiguse. Tukaenda FIDA tukasomewa. Ilikuwa inasema ameachia nyumba.

Wakatufafanulia kwamba kwa marekebisho ya sheria ya urithi ya 2022, marehemu asiyeacha wosia mali yake inagawanywa: watoto asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, wategemezi wengine 4, mrithi wa kimila 1. Na nyumba ya kuishi mjane anakaa, kumfukuza ni kosa la jinai. Sasa wale shemeji wamebadilisha sauti. Tumeambiwa tuanze na cheti cha kifo NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, halafu twende kwa Administrator General, ofisa wa serikali wa mambo ya mirathi, tupate barua ya kutokuwa na pingamizi, ndipo mahakamani kuomba usimamizi. Nauliza: wakati huo mali haitauzwa?

Mkalimani_Busia

Pole sana na msiba, mama. Mlifanya vyema kutogusa ile karatasi.

Kama ardhi ina hati, mwambieni wakili aweke kaveti kwa jina la mjane na watoto kama wanufaika. Kaveti ya mnufaika haifutiki kirahisi kama ya mtu mwingine. Kama ni ardhi ya kimila isiyo na hati, wakili anaweza kuomba zuio la muda mahakamani, na barua ya onyo iende kwa shemeji, kwa LC1 na kwa wazee wa ukoo ili mnunuzi yeyote asije kusema hakujua. Kuuza mali ya marehemu bila barua za usimamizi nako kuna adhabu. Msiiache hiyo hadi cheti cha kifo kitoke. Yanaweza kwenda pamoja.

Askari_Mukono

Mimi nalinda usiku kwenye kampuni moja ya ulinzi. Kweli kabisa habari ya miezi mitatu. Mwenzangu alifukuzwa kwa simu, bila kuitwa kusikilizwa. Ofisa wa kazi alimshauri vizuri tu, aandike malalamiko wiki hiyo. Meneja akampigia: subiri, tunakurudisha. Kila mwisho wa mwezi subiri. Mwezi wa tano ndipo akaandika. Ameambiwa amechelewa, sasa anahangaika kueleza kwa nini aongezewe muda.

Mkalimani_Busia

Ndugu askari umegusa nusu ya pili ya jambo, ya kufuata ushauri ukishaupata. Meneja akisema subiri, mwambie nashukuru, na malalamiko uyapeleke vilevile. Mkielewana naye yataondolewa.

Nawaona watu wengi wamelipa wakili kwa jasho, wakaelezwa vizuri, halafu wakitoka nje ya ofisi wanauliza jirani. Wakili amesema usiongee na mpinzani wako bila mimi, mtu anakwenda usiku kupatana. Wakili amesema endelea kulipa busuulu hata mwenye ardhi akikataa kupokea, tutaiweka kwa njia ya sheria. Mtu anaacha kulipa kwa hasira, na hapo amempa mwenzake ile sababu moja pekee ya kumwondoa. Wakili amesema usiandike ujumbe wa kukiri deni. Mtu anaandika "bosi nisamehe nitalipa zote" na ujumbe ule unasomwa mahakamani, mimi ndiye ninayeutafsiri.

Kama hukubaliani na ushauri, mwambie wakili usoni, muulize kwa nini, au tafuta wakili wa pili. Hiyo ni haki yako.

Mama_Duka_Arua

Na benki je? Nina mkopo wa duka, nimechelewa mwezi mmoja.

Mkalimani_Busia

Kama umeweka ardhi rehani, sheria ya rehani ya 2009 inaitaka benki ikupe kwanza notisi ya kurekebisha, siku 45 za kazi, na baadaye notisi ya kuuza, siku 21 za kazi. Kwa wakili nenda ile ya kwanza ikifika, au hata kabla. Wakati huo bado unaweza kuomba mpango mpya wa malipo, na wakili ataangalia kama mume aliridhia, kama hesabu ya riba ni sawa. Ukisubiri tangazo la mnada litoke gazetini, mahakama inaweza kukutaka uweke asilimia 30 ya thamani ya mali au ya deni ndipo mnada usimame. Nani ana asilimia 30 mkononi siku hiyo?

Dereva_Malaba

Wazee, nimerudi. Wakili amepatikana. Alipoona tarehe kwenye samansi aliacha alichokuwa anafanya. Tulikaa hadi jioni, nikaapa kiapo kesho yake mbele ya kamishna wa viapo, ombi likaingia mahakamani Ijumaa na nina nakala yenye muhuri. Kwenye taarifa ya simu tumekuta nimeshalipa milioni nne na laki saba. Yeye kwenye kiapo chake ameandika sijalipa hata moja.

Lakini sasa huyo mkopeshaji ananipigia. Anasema mawakili watatumaliza wote wawili, nije kwake kesho jioni tuandike makubaliano, atapunguza hadi milioni nne. Mke wangu anasema niende. Mimi mwenyewe nataka yaishe.

LDC_Kabalagala

Wakili amesema nini?

Dereva_Malaba

Amesema nisiende peke yangu na nisisaini chochote.

Mkalimani_Busia

Basi usiende. Na mweleze shemeji yetu kwa upole kwa nini. Kama mtu huyo ana nia ya kupatana kweli, atapatana mbele ya mawakili, na makubaliano yatawekwa mahakamani yawe na nguvu ya hukumu. Karatasi ya jioni nyumbani kwake inaweza kuwa ni kukiri deni jipya la milioni nne, na lile la milioni tisa bado liko mahakamani linakungoja. Tena ukisaini kwamba mmemalizana, ombi lako unaweza kuliacha lisisikilizwe, naye akaendelea. Mpe namba ya wakili wako. Neno moja tu: "Ongea naye."

Mapatano ni kitu kizuri, mahakimu wenyewe wanayapenda, na kesi za madai zinapitia usuluhishi. Ila mnakwenda wawili wawili.

Kijana_Bombo

Na mtu akikamatwa na polisi je? Hilo nalo linatokea sana kwa madeni, wanakuletea askari.

LDC_Kabalagala

Kwa kifupi: Katiba inasema ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa. Una haki ya wakili na familia yako kujulishwa. Maelezo yako usomewe kabla hujatia sahihi. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, haina malipo. Ukiweza, usitoe maelezo marefu kabla hujaongea na wakili.

Dereva_Malaba

Nilimpa namba ya wakili. Alikata simu. Kesho yake wakili wake ndiye aliyempigia wakili wangu, wanataka kukaa. Wamekubaliana tukutane ofisini Tororo Jumatano, na ombi letu limepewa tarehe ya kusikilizwa wiki mbili zijazo, lote liko palepale. Wakili anataka mkataba wa asili wa ile pikipiki, sina uhakika kama fotokopi inatosha.

Mkalimani_Busia

Haitoshi. Peleka kadi ya pikipiki ya asili na mkataba wa asili, ila usimwachie mtu yeyote bila kuandikiwa kwamba amepokea. Peleka pia aliyekuwepo mlipoandikishana, kama yupo Malaba. Mwambie wakili mapema kama shahidi wako hajui Kiingereza, ili siku ya kesi mkalimani aombwe kabla.